Milisekunde 10 za kujibu "anaruhusiwa?": kisa cha mfumo wa Zanzibar wa Google

Kila unapofungua hati kwenye Google Drive, picha kwenye Photos au video ya faragha kwenye YouTube, kuna swali linalotangulia mengine yote: huyu anaruhusiwa? Jibu lake ni ndiyo au hapana, hakuna la tatu. Kwa kulitazama juujuu ni swali la mstari mmoja wa msimbo wa programu, na wengi wetu tunaoandika programu tunaliweka hivyo hivyo: `if` moja, safu moja ya jedwali, kazi imekwisha. Kisha wateja wanaongezeka, makundi yanawekwa ndani ya makundi, folda ndani ya folda, na ukurasa uliokuwa ukifunguka papo hapo unaanza kusuasua. Ukipima, unakuta kusoma data yenyewe ni kazi ndogo. Muda unaliwa na kuulizia ruhusa.

Kisa kinachoonyesha jambo hili vizuri kuliko vyote ninavyovijua kimeandikwa hadharani. Mwaka 2019, katika mkutano wa USENIX ATC, wahandisi wa Google walieleza mfumo wao wa kuamua ruhusa, unaoitwa Zanzibar. (Hapo awali uliitwa Spice, yaani viungo, jina la visiwa vya karafuu lilikuja baadaye.) Mfumo huo unahudumia Calendar, Cloud, Drive, Maps, Photos na YouTube. Wakati wanauandikia, ulikuwa umehifadhi rekodi za ruhusa zaidi ya trilioni 2, karibu terabaiti 100, na nakala kamili za data hiyo zilikuwa katika vituo zaidi ya 30 duniani. Seva zake zilizidi 10,000, na maombi ya wateja yalizidi milioni 10 kwa sekunde. Pamoja na mzigo huo, maombi 95 katika kila 100 yalijibiwa chini ya milisekunde 10, na kwa miaka mitatu mfumo ulipatikana kwa zaidi ya asilimia 99.999 ya muda.

Hizo milisekunde 10 ndizo za kutazamwa. Mwanga ndani ya nyaya za fiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ikiwa mtu yuko Mombasa na seva yenye jibu iko kilomita 10,000 kutoka hapo, kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 100, kabla hata seva haijafikiri chochote. Kwa hiyo jibu lazima litoke karibu na anayeuliza, na likitoka karibu limetoka kwenye nakala. Nakala huchelewa. Ugumu wote wa kisa hiki unaanzia hapo.

Swali moja linavyozaa maswali

Zanzibar huhifadhi ruhusa kama rekodi fupi za uhusiano. Kila rekodi inasema kitu fulani kina uhusiano fulani na mtu fulani, au na kundi zima la watu. Tuseme ofisi moja ina rekodi hizi nne (majina ni ya kwangu, ila umbo ndilo lile wanalolitumia wao: baada ya # ni uhusiano, baada ya @ ni anayehusika):

hati:bajeti#mzazi@folda:mipango
folda:mipango#msomaji@kundi:uhasibu#mwanachama
kundi:uhasibu#mwanachama@kundi:matawi#mwanachama
kundi:matawi#mwanachama@neema

Neema anafungua hati ya bajeti. Je, anaruhusiwa kuisoma? Mfumo unaanza kwa kutafuta rekodi inayomtaja yeye moja kwa moja kama msomaji wa hati hiyo. Haipo. Kuna kanuni kwamba mhariri ni msomaji pia, na mmiliki ni mhariri pia, basi unaulizia uhariri, kisha umiliki. Hakuna. Kanuni nyingine inasema msomaji wa folda ni msomaji wa kila kilichomo, kwa hiyo unatafuta folda mzazi na kuipata: mipango. Nani wasomaji wa mipango? Kundi la uhasibu. Neema yumo uhasibu? Hayumo kwa jina lake, ila uhasibu ina kundi dogo ndani yake, matawi. Neema yumo matawi? Yumo. Ndiyo, afungue.

Ni kama mtu anayefuata karatasi ofisini: dirisha la kwanza linamtuma la tatu, la tatu linamtuma ghorofani, na hawezi kwenda ghorofani kabla ya kupita la tatu. Hapo ndipo muda unapopotelea. Maswali yasiyotegemeana mfumo huyauliza yote kwa pamoja, kwa hiyo wingi wake peke yake hauumizi sana. Kinachoumiza ni urefu wa mnyororo, kwa sababu hujui kundi la pili ni lipi mpaka usome rekodi za la kwanza.

Tufanye hesabu. Katika takwimu walizotoa, usomaji mmoja kutoka Spanner, hifadhidata iliyo chini ya Zanzibar, ulichukua nusu milisekunde kwa kawaida, na hadi milisekunde 2 ukihesabu maombi 95 kati ya 100. Mnyororo wa hatua sita zinazofuatana, kila moja ikiangukia upande wa polepole, ni milisekunde 12. Bajeti imeshapita, na hatujafika kwenye makundi ya kampuni kubwa, ambayo hupandana ngazi juu ya ngazi. Halafu kumbuka kwamba ukurasa mmoja wa matokeo ya utafutaji unahitaji makumi hadi mamia ya maswali ya namna hii, kwa sababu kila hati inayojitokeza lazima iulizwe. Swali moja likiangukia kati ya yale machache ya polepole, ukurasa mzima unalisubiri.

Ndiyo maana kuandika upya msimbo wa kutathmini sera, yaani kanuni za ruhusa, au kuihamishia kwenye lugha yenye kasi zaidi, mara nyingi hakuleti nafuu kubwa. Kulinganisha masharti kwenye prosesa ni kazi ya mikrosekunde. Gharama iko kwenye kufuatilia uhusiano kutoka rekodi moja hadi nyingine.

Kwa nini usiweke majibu kwenye kache tu

Mtu yeyote aliyewahi kuharakisha tovuti atasema: hifadhi majibu kwenye kache, ile hifadhi ya muda iliyo karibu, tumia tena. Kwa ruhusa, ushauri huo una jino.

Asha anamiliki folda. Anamwondoa Juma kwenye orodha ya wasomaji, kisha anamwambia Neema: sasa ziweke humo zile hati za mishahara. Neema anaziweka. Juma akijaribu kuzifungua wakati huo, seva iliyo karibu naye ikitumia nakala ya ruhusa ya sekunde chache zilizopita, itamwona bado ni msomaji wa folda na kumpa hati ambazo hakuwahi hata siku moja kuruhusiwa kuziona. Watu wa Google wanaliita tatizo hili "adui mpya". Kosa limetokea kwa sababu mfumo ulichanganya mpangilio wa matukio: ukasoma ruhusa ya zamani juu ya maudhui mapya.

Ukitaka usalama kamili bila kufikiri sana, kila swali lijibiwe kwa data ya sasa hivi kabisa. Hapo unarudi kwenye safari ya kilomita 10,000. Ukitaka kasi bila kufikiri sana, unampa Juma mishahara.

Walichofanya ndicho ninachokiona kuwa moyo wa mfumo mzima, na ni kitu kidogo. Kila maudhui yanapobadilishwa, programu husika, tuseme Drive, inaiuliza Zanzibar kama mwandishi anaruhusiwa. Swali hilo hujibiwa kwa data ya wakati huo huo, na Zanzibar inarudisha tokeni ndogo waliyoipa jina la zookie. Ndani yake kuna muhuri wa saa. Drive inaihifadhi tokeni hiyo pamoja na toleo lile la hati. Baadaye mtu akija kusoma, Drive inaiwasilisha: nijibu kwa picha ya ruhusa isiyo ya zamani kuliko hii. Hati ya mishahara iliwekwa baada ya Juma kuondolewa, kwa hiyo tokeni yake inakataza matumizi ya picha yoyote iliyochukuliwa kabla ya kuondolewa kwake. Juma hapiti.

Angalia kilichopatikana. Tokeni inasema "isiwe ya zamani kuliko hapa". Haisemi "iwe ya sasa hivi". Hati nyingi zinazofunguliwa leo ziliandikwa jana, wiki iliyopita, au mwaka juzi. Nakala yoyote ya jirani imeshapita wakati huo, hivyo jibu linatoka hapo hapo bila kuvuka bahari. Wao hugawa maombi mafungu mawili: salama, ambayo tokeni yake ina umri wa zaidi ya sekunde 10, na ya karibuni, ambayo umri wake ni chini ya hapo. Lile fungu la kwanza ni kubwa kuliko la pili karibu mara mia. Kwa fungu salama, maombi 95 kati ya 100 yalijibiwa chini ya milisekunde 10. Kwa ya karibuni, ukihesabu maombi 95 kati ya 100, muda ulifika kama milisekunde 60, kwa kuwa baadhi yalilazimika kwenda hadi kituo cha mbali kutafuta data mpya. Injini ya sera ni ile ile, kanuni ni zile zile. Tofauti yote hiyo imeletwa na umri wa jibu unaokubalika.

Yote haya yanasimama juu ya uwezo wa Spanner wa kupanga matukio ya dunia nzima kwa mihuri ya saa inayoaminika. Bila saa za namna hiyo, tokeni ingekuwa namba isiyo na maana ikivuka kutoka kituo kimoja hadi kingine. Anayefikiria kuiga zookie kwenye hifadhidata ya kawaida yenye nakala kadhaa na aanzie kujiuliza swali hilo.

Joto

Shida ya pili haikuwa ya wastani, ilikuwa ya vitu vichache vinavyoulizwa na watu wengi kwa wakati mmoja: hati iliyosambazwa kwa kampuni nzima, au kundi ambalo ndani yake wamo karibu wafanyakazi wote. Waandishi wenyewe wanasema joto hili ndilo uwanja wao mgumu kuliko yote katika kutafuta kasi na uimara. Hapa nitakaa kidogo, maana mbinu zao ni za kuigwa hata na aliye na seva tatu.

Kwanza, kila swali hupelekwa kwenye seva maalumu ndani ya klasta (kundi la seva) kwa kutumia heshi, yaani namba inayokokotolewa kutokana na kitu kinachoulizwa, ili maswali yote kuhusu hati ya bajeti yaishie sehemu moja na kache yake iwe sehemu moja. Heshi hiyo inatumia kitu peke yake bila aina ya uhusiano. Ni makusudi: kuulizia usomaji wa hati huzaa kuulizia uhariri na umiliki wa hati hiyo hiyo, basi afadhali yote yajibiwe na seva ile ile bila kurukia nyingine.

Pili, saa hupandishwa hadi namba kamili. Majibu kwenye kache huwekwa pamoja na muhuri wa saa, na kama kila ombi lingekuja na wakati wake hadi mikrosekunde, hakuna majibu mawili ambayo yangefanana na kache ingekuwa ghala la vitu visivyotumika tena. Kwa hiyo wakati wa kutathmini hupandishwa hadi sekunde kamili au sekunde kumi kamili, na maombi mengi yanajikuta yanauliza swali moja kwa wakati mmoja. Unapandishwa, haushushwi, ili sharti la tokeni lisivunjwe.

Tatu, jedwali la kufuli. Hati ikipata umaarufu ghafla, maombi elfu moja yanaweza kufika kabla jibu la kwanza halijaingia kwenye kache, na yote yakaenda kuipiga hifadhidata. Zanzibar inaruhusu moja liendelee, mengine yanasubiri jibu lake.

Kuna mtego hapo nilioupenda. Maswali madogo yanapoulizwa kwa pamoja na moja likarudi na "ndiyo" inayotosha, yale mengine hukatizwa ili kuokoa kazi. Busara kabisa. Lakini swali lililokatizwa halina jibu la kuweka kwenye kache, na pengine kuna maombi mengine yamepanga foleni yakilisubiri hilo hilo. Dawa yao: kama kuna wanaosubiri, usikatize haraka. Uboreshaji mmoja ulikuwa unauvunja mwingine, na kila mmoja peke yake ulikuwa sahihi.

Nne, kitu kikiwa cha moto sana, badala ya kusoma rekodi inayomhusu Neema peke yake, mfumo unasoma rekodi zote za kitu na uhusiano ule na kuziweka kwenye kache. Usomaji unakuwa mzito zaidi, ila anayefuata hahitaji kusomewa chochote.

Sasa matokeo. Kwenye kilele, seva zilipeana takriban maombi milioni 22 ya ndani kwa sekunde, na kache ziliangaliwa mara milioni 200 kwa sekunde. Ungetarajia asilimia 90 na kitu za maswali ya ruhusa zikutwe humo. La. Upande wa seva inayopokea swali, asilimia 10 tu ndizo zilizokutwa kwenye kache, na 12 nyingine ziliokolewa na jedwali la kufuli. Upande wa seva inayotuma, ni asilimia 2 na 3. Mkuu wa kitengo akiziona namba hizo kwenye dashibodi angeagiza kache iondolewe. Lakini ndizo zilizozuia maombi nusu milioni kwa sekunde yasirundikane mahali pamoja. Kache ya ruhusa haikuwekwa ili kupunguza wastani. Imewekwa ili seva moja isizidiwe siku ambayo mkurugenzi ametuma hati kwa watu wote.

Makundi ndani ya makundi

Mnyororo mrefu wa makundi haukutibika kwa kache. Kwa huo walijenga kitu cha pembeni kinachoitwa Leopard: faharasa inayoweka tayari, kwenye kumbukumbu ya seva, uanachama uliokunjuliwa. Kwa kila mtu kuna orodha ya makundi anayotajwa ndani yake moja kwa moja. Kwa kila kundi kubwa kuna orodha ya makundi yote yaliyo chini yake, hata ya ngazi ya kumi. Swali "Neema yumo uhasibu?" linageuka kuwa: je, orodha hizi mbili zina kitu kimoja kinachofanana? Leopard ilijibu zaidi ya maswali milioni 1.5 kwa sekunde, kwa kawaida chini ya mikrosekunde 150.

Gharama haikutoweka, imehamia kwenye uandishi. Kubadilisha rekodi moja ya kundi kunaweza kuzaa makumi ya maelfu ya mabadiliko kwenye faharasa. Kwa hiyo faharasa hujengwa upya nje ya njia ya maombi, na mabadiliko ya tangu ujenzi wa mwisho hutunzwa kwenye tabaka dogo linaloongezwa juu yake. Airbnb, katika mfumo wao uitwao Himeji uliofuata mawazo ya Zanzibar, walikwenda mbali zaidi upande huo: kazi ya kusambaza ruhusa hufanywa wakati wa kuandika badala ya wakati wa kusoma. Inafaa pale watu wanaposoma mara nyingi kuliko wanavyobadilisha ruhusa, na ndivyo ilivyo karibu kila mahali. Google wenyewe, kuandika rekodi moja ya ruhusa kulichukua zaidi ya milisekunde 100. Mtu aliyebonyeza "shiriki" haoni tofauti hiyo.

Kwa sisi wenye seva tatu

Leo kuna programu huria zilizozaliwa na karatasi ile ya Google ya 2019, kama SpiceDB, OpenFGA na Ory Keto, na kishawishi cha kuzisimika mapema ni kikubwa. Maoni yangu: mfumo wenye hifadhidata moja mahali pamoja hauna tatizo la nakala za vituo 30, na kuhamishia ruhusa kwenye huduma ya pembeni kunaongeza safari ya mtandao kwenye kila swali. Jedwali la uhusiano ndani ya hifadhidata kama PostgreSQL, lenye faharasa sahihi, huenda mbali sana.

Hata huko, gharama inajificha mahali pale pale. PostgreSQL ina sera za kiwango cha safu tangu toleo 9.5 la mwaka 2016: unaandika sharti, na hifadhidata inalitathmini kwa kila safu. Ukiweka ndani ya sharti wito wa kazi (function) inayotafuta mtumiaji ni nani na yuko tawi gani, wito huo unaweza kurudiwa kwa kila safu inayopitiwa. Jedwali la safu 50,000, wito 50,000, kwa jibu lile lile. Ukiufunika wito kwa `(select ...)` isiyotegemea safu, mpangaji wa maulizo (sehemu ya hifadhidata inayoamua namna ya kutekeleza ulizo) anauendesha mara moja na kuutumia kotekote. Ukitazama `EXPLAIN`, amri inayoonyesha mpango wa utekelezaji, utauona umesimama peke yake chini ya jina InitPlan.

Na kuna swali ambalo muundo wa Zanzibar haulijibu kwa wepesi ule ule: nionyeshe hati zote ninazoruhusiwa. Kuuliza kuhusu hati moja ni milisekunde chache. Kuuliza orodha ni ama kupitia kila hati, ama kuwa na faharasa iliyotayarishwa kwa kila mtu. Zanzibar inatoa mkondo wa mabadiliko ya rekodi ili kila huduma ijijengee faharasa yake, na kuijenga kunabaki juu ya huduma yenyewe. Kwa kuwa ukurasa wa kwanza wa karibu kila programu tunayoandika ni orodha, hapo ndipo pa kupima kwanza.